Karakana ya Kwenye Picha

Kila alasiri, Chiriku alipotoka shule, alikuta cherehani moja ikilia chini ya miguu ya mama yake, na nyingine imefunikwa shuka kama mgonjwa. Watu walimpa jina hilo la ndege kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini siku hizi alifagia vipande vya uzi katika chumba chao cha kazi, akapiga pasi nguo chache zilizokuwepo, kisha akakaa kimya.

"Mwisho wa wiki anakuja mnunuzi," mama alisema bila kuinua macho. "Ataichukua ile iliyofunikwa. Cherehani isiyo na kazi haitulishi."

"Tuwaandikie watu, mama! Shuleni tumefundishwa barua pepe. Nyumba za wageni zote zina anwani mtandaoni."

Mama alikata uzi kwa meno, akafikiri. "Haya, andika. Sema nashona mapazia mimi mwenyewe, na pindo nalimalizia kwa mkono. Pazia likipwaya, nalifumua na kulishona upya. Basi."

"Basi tu?"

"Kwani kuna nini kingine, mwanangu?"

Kesho yake, katika chumba cha kompyuta, Chiriku aliketi na mwenzake wa darasani waliyemwita Mjuzi, maana hakuna alilokiri kutolijua. Mjuzi aliisoma barua, akaangua kicheko.

"Hii barua au salamu za msiba? Nani atamjibu fundi wa chumba kimoja? Vimba, Chiriku, vimba!"

Akamtafutia picha ya karakana ya watu wengine: ukumbi mrefu, cherehani zimepangwa kama madawati, mafundi wote wamevaa sare.

"Lakini hii si yetu."

"Watajuaje? Wao wanaletewa mapazia, hawaletewi ukumbi."

Chiriku akaibandika. Akayafuta maneno ya mama, akaandika, "Kampuni yetu ina mafundi arobaini." Juu kabisa, kwenye kichwa cha barua, akaweka kwa herufi kubwa: FURSA YA DHAHABU, USIIKOSE!!! Chini akaweka jina la mama na mtaa wao, kisha akatuma kwa kila anwani aliyoipata.

Kimya. Wengi walidhani ni matapeli, wakaifuta hata kabla ya kuifungua. Jibu likaja moja tu, kutoka kwa msimamizi wa nyumba ya wageni: angepita kuiona karakana. Chiriku alitaka kumwambia mama ukweli. Akaishia kuchukua ufagio, yeye Chiriku!

Msimamizi alifika mvua ikinyesha, mwanamke wa makamo, viatu vimejaa tope. Alisimama mlangoni akikitazama chumba kutoka pembe hadi pembe.

"Karibu, dada, ingia usilowe," mama alisema akimfutia kiti.

"Asante. Mafundi wengine wako wapi?"

"Wengine? Ni mimi tu, na huyu mwanangu akitoka shule."

Msimamizi akamwonyesha ile barua kwenye simu yake. Mama aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Alimgeukia Chiriku, na macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa na aibu. Hilo ndilo lililomchoma mtoto zaidi ya kiboko.

"Nina madirisha mengi ya kuvalisha," msimamizi alisema, akifungua mwavuli. "Lakini aliyenidanganya kabla hatujasalimiana, nitamwamini vipi tukishaanza kazi?"

Akaondoka. Siku ya pili yake mnunuzi naye akaja, akaibeba cherehani. Sakafuni zikabaki alama nne za miguu ya ile cherehani.

Jioni hiyo Chiriku alilia na kueleza yote. Mama akamsikiliza hadi mwisho.

"Umeniandika mtu mwingine," alisema taratibu. "Kwani mimi mwenyewe nina kasoro gani? Andika tena. Umwombe radhi."

Safari hii Chiriku hakumwita Mjuzi. Alipiga picha pindo la pazia, mkono wa mama ukiwa umelishika, akaandika:

"Shikamoo. Mimi ndiye niliyeandika uongo, mama yangu hakujua. Naomba radhi. Fundi ni mmoja, na huu ni mkono wake. Pindo analimalizia kwa mkono. Pazia likipwaya, analifumua na kulishona upya."

Jibu lilichelewa hadi wakakata tamaa. Lilipokuja lilikuwa fupi: "Nishonee dirisha moja kwanza."

Mama akalishona pazia, wakalipeleka pamoja. Msimamizi aliligeuza pindo, akalivuta, akalichunguza tena kwenye mwanga. Hatimaye akaitikia kwa kichwa.

"Endeleeni na mengine, polepole. Nitasubiri." Kisha akainama kidogo kwa Chiriku. "Binti, kwa mtu asiyekujua, barua yako ndiyo uso wako. Upeleke uso wako mwenyewe, umenawa, basi. Wa kuazima utakudondoka mlangoni. Nami sikukusamehe kwa sababu unaandika vizuri. Nimekusamehe kwa sababu ulirudi."

Mama alirudi kazini, cherehani moja ikilia peke yake. Kazi ya cherehani mbili sasa ingefanywa na moja, na siku zingekuwa ndefu. Chiriku alifagia, akafika kwenye zile alama nne, akasita.

"Fagia tu, mwanangu," mama alisema. "Kisha ulete lile jora la kitambaa, tuanze pazia la dirisha la pili."