Tundu la Mgongoni

Shati la mwalimu lilikuwa zima lilipoingia, Mama Kwikwi aliligeuza mwenyewe ndani nje akaliangalia, na saa nne asubuhi, jua linawaka, lilipotoka kwenye pasi lilikuwa na tundu mgongoni, katikati ya mabega, dogo, la kupita ncha ya kidole. Akalishona. Ndiyo kazi yake pale kwa dobi: nguo haitoki na tundu, hata mteja asipoomba, tena bure. Kesho yake gauni. Keshokutwa koti na mashati matatu, yote mahali palepale, yote yananuka baruti.

"Umeunguza tena?" aliuliza Mzee Pasi, mwenye duka.

"Pasi gani inaunguza tundu la duara, Mzee wangu?"

"Panya basi."

"Panya mwenye bikari?"

Mzee hakucheka. Wote wawili walijua lilikoanzia, ila hakuna aliyetaka kulitaja kwanza. Miezi mitatu nyuma mtu mmoja mwenye gari la serikali aliwaletea shati jeupe lililoganda damu, akasema lifuliwe tu, atalifuata jioni. Mbele lilikuwa limechanika vibaya, halishoneki. Nyuma lilikuwa na tundu dogo, na Mama Kwikwi, kwa mazoea ya duka, akachomoa uzi kwenye upindo wa shati lenyewe, akalifuma mpaka likapotea, akajisifu kabisa. Kesho yake ndipo wakaona gazetini picha ya mgombea aliyeuawa jukwaani, na shati ni lilelile.

Sasa tume iliyochunguza mauaji hayo imetoa ripoti. Risasi moja, kutoka mbele, ya kijana mmoja punguani. Ushahidi? Shati la marehemu, mgongoni zima.

Zima! Si mkono wake ndio uliolifanya zima? Na nyuma ya mgombea pale jukwaani walisimama walinzi wake peke yao.

"Mzee, twende tukaseme."

"Tukaseme nini, mwanangu? Ripoti imeshatoka. Mimi nafua, sichunguzi."

Harufu ile ya baruti ikamfuata Mama Kwikwi nyumbani. Bafuni mtu akawa anakohoa mchana kweupe, ukifungua hakuna mtu, ukifunga anaendelea, na Kwikwi mwenyewe, mtoto wa mwaka mmoja ambaye hajatamka hata "mama", aliyepewa jina hilo kwa kulia mpaka akashikwa na kwikwi, akaacha kulia, akawa kila anayeingia hamtazami usoni, anatazama nyuma yake, na siku mama yake alipomvua nguo amwogeshe akakuta kati ya vibega vyake alama nyekundu, ya duara, ya moto kama kaa.

Mama mkwe akaleta mganga. Mganga akanusa mlangoni, mkoba wake hakuufungua.

"Kila mtu huzaliwa na jini wake," alisema kwa sauti ya chini. "Mtu akiuawa, jini wake hutoka mwilini kupitia palepale mauti yalipoingilia. Mlango huo umeushona wewe. Sasa anatafuta mgongo wa kutokea."

"Nifanyeje, baba? Mwanangu huyu!"

"Kalifumue. Ikishindikana, kaseme, iandikwe."

"Wakikataa?"

Mganga akavaa viatu vyake.

Ofisini kwa tume alizungushwa milango mitano, mtoto mgongoni, mpaka akafika kwa afisa mwenye fomu.

"Tundu lilikuwepo," alisema.

"Ripoti inasema halipo."

"Kwa sababu nililishona!"

"Basi si halipo?"

"Angalieni upindo, mtaona uzi ulikochomolewa. Fumueni tu, dakika mbili!"

"Kielelezo hakiguswi, dada. Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne."

"Basi unaelewa."

"Andika," ilisema sauti.

Ilikuwa sauti ya mwanamume mzima, nzito, iliyokauka kwa hotuba, na ilitoka ndani ya mbeleko. Kalamu ikamdondoka afisa. Jasho likamchuruzika mpaka kwenye kola.

"Umesikia!" Mama Kwikwi alinong'ona, machozi yanamtoka. "Kaka yangu, si umesikia?"

"Sijasikia kitu." Akaokota kalamu, akaandika: *Mtoa taarifa hana ushahidi.* Akagonga muhuri, akamsogezea fomu. "Weka saini."

"Siweki!"

"Weka usiweke, jalada limefungwa."

Akatoka mbio, akashuka ngazi, joto linamchoma mgongo kama aliyebeba pasi badala ya mtoto, na huko nyuma ile sauti ikaanza, bila hasira, bila haraka, kama mtu aliyekwishachoka kubisha milango akapata mmoja wa kumsikiliza: nilipanda jukwaani saa tisa, nikawapungia watu mkono, walinzi wangu wakasimama nyuma, na aliyenipiga namjua, jina lake ni hili. Mama Kwikwi akaziba masikio. Haikusaidia kitu, maana kifua cha mtoto kilikuwa kimebanwa kwenye mgongo wake, na kila neno lilimwingia kwa mifupa.