Goti la Chepkirui

Kila asubuhi kabla ya masomo, wanafunzi wa Gredi ya Sita katika shule moja ya Kiplombe, pembezoni mwa Eldoret, walikimbia kuzunguka uwanja. Chepkirui alifika wa mwisho siku zote. Goti lake la kulia lilimwangusha, na kila alipoanguka, Mwalimu Kiprotich wa michezo alimwamuru aanze upya. Alimwita mvivu mbele ya wote, akisema ni aibu mtoto wa Eldoret, mji wa wanariadha, kushindwa kukimbia.

Nyumbani alisema mara nyingi kwamba goti linamuuma, lakini hakupata mtetezi. Mama yake alishikilia kwamba goti lilikuwa hivyo tangu aanze kutembea, na litakaa sawa akikua. Chepkirui alikasirika. Kwani nani huchagua kuanguka?

Jumatatu moja uwanja ulijaa matope. Alianguka, wenzake wakacheka, mwalimu akamwambia arudi mwanzo. Safari hii hakuinuka.

"Sikatai kukimbia, Mwalimu," alisema. "Lakini kabla hujaniita mvivu tena, tazama hapa."

Akalikunja goti polepole. Pia ya goti, ule mfupa wa mbele, ikateleza na kukaa pembeni. Kicheko kikakatika. Mwalimu alichuchumaa, akalitazama. Siku hiyohiyo alimpigia mama simu, wakampeleka msichana hospitalini mjini.

Daktari Angeline aliwaeleza kwamba Chepkirui alizaliwa hivyo. Kano zinazoshikilia goti upande wa nje zilikuwa fupi mno, zikaivuta pia ya goti kutoka mahali pake. Ilibidi apasuliwe ili kano hizo zilegezwe na pia ya goti irudishwe katikati.

Alipasuliwa wakati wa likizo. Kisha yakaja magongo, na mazoezi yaliyomtoa machozi, mama akiwa kando yake. Hatimaye, mbele ya daktari, alilikunja goti, na pia ya goti ikatulia mahali pake.

"Nilikukosea," alisema Mwalimu Kiprotich, aliyekuja nao siku hiyo.

"Ndiyo, Mwalimu. Ulinikosea," Chepkirui alijibu bila kuinamisha macho.

Daktari hakuwachekea watu wazima wale.

"Miaka yote hii mtoto anasema, na hakuna aliyemtazama," alisema. "Mngezidi kungoja, goti lingeharibika kabisa. Mtoto akisema anaumia, achunguzwe kwanza." Akamgeukia Chepkirui. "Na wewe, binti yangu, ukiumia, sema. Usiposikilizwa, sema tena."