Gari la Mabawa la Warrabine

Gari liliibiwa Jumamosi alfajiri. Pasipo gari hilo lenye mabawa mawili, ambalo farasi hujipanga nyuma yake kabla ya kuachiwa, hakuna mbio za farasi wavutao vigari ziwezazo kuanza katika mji mdogo wa Warrabine.

Inspekta Leith Garrity wa polisi alichuchumaa langoni pa kiwanja cha mbio. Funguo zilikuwamo kabatini bado, injini haikuwashwa. Mbele ya alama za matairi palikuwa na alama za kwato, na moja ilikuwa ya chuma cha duara kamili, ambacho huvishwa farasi mwenye kisigino kibovu.

"Mbio ni saa saba," alihimiza Bwana Pryce-Hollis, msimamizi aliyetumwa na makao makuu ya mbio mjini. "Zikiisha, nakifunga kiwanja hiki. Kanuni hainiruhusu kukifunga kabla."

Garrity aliinuka, akaondoka. Farasi mwenye chuma kile alikuwa mmoja tu wilayani.

Alimkuta mwenye farasi, Noreen Tolhurst, mfunzaji wa miaka sabini na mmoja, akimsugua farasi huyo. Gari lilikuwa nyuma ya zizi, chini ya turubai.

"Umechelewa, Leith. Chai imepoa."

"Bibi, ulilivutaje peke yako?"

"Nilikaa ndani, usukani mkono huu, hatamu mkono huu, zimepita dirishani. Bluegum wangu huyu hajashinda mwaka wa pili sasa, lakini gari kalivuta kama bwana harusi."

"Kwa nini?"

Tabasamu likamwisha. "Zawadi zangu za mbio za mwaka mzima hazikununua nyasi za miezi mitatu. Fedha za kamari za mbio zetu zinakwenda mjini kujenga majukwaa ya vioo, kisha tunaambiwa hatujitegemei. Mhunzi kahama. Daktari wa mifugo kahama. Mbio za leo ndizo za mwisho; zisipokimbiwa, msimu haujakamilika. Hawatufungi kabla ya mwakani. Nimeiba, andika. Ila walioiba mji mzima, faili lao liko wapi?"

Hasira ilimpanda Garrity, kwa kuwa faili hilo halikuwapo. Akaandika ungamo neno kwa neno, akamsomea shtaka la wizi, naye Noreen akatia sahihi.

Pryce-Hollis akafika akihema. "Hongera. Lete gari, tuna saa nzima."

"Haliondoki."

"Si amekiri?"

"Ungamo peke yake halitoshi mahakamani. Gari ni kielelezo. Mtaalamu wa alama za vidole anatoka mjini."

"Lini?"

"Jumatatu. Tulikuwa na wetu hapa. Wakubwa wakaona ni gharama."

"Unanichezea, Inspekta."

"Sheria ni msumeno, bwana. Hukata mbele na nyuma."

Akaufungua utepe wa polisi, akaanza kulizungushia gari. Mabawa yalikuwa mapana mno kwa mtu mmoja, basi mshtakiwa akamshikia ncha ya utepe.