Mashimo ya Bustanini

Shurooq alikuwa amechutama mchangani, mikono ya abaya ameikunja hadi viwikoni, alipoona kiatu cha mwanamume kikifukia shimo lake.

Lilikuwa shimo alilolichimba kwa jasho. Ilikuwa Januari ya mwaka 2002, msimu wa sherehe, na nusu ya Maskati ilikuwa imemiminika kwenye bustani ile ya umma. Harufu ya mishikaki ilichanganyika na ubani, na spika za kila pembe zilishindana kwa kelele. Karibu na ukuta wa nyuma, wenye sherehe walikuwa wamezungushia ua uwanja wa mchanga, wakachanganya humo vijiwe vya akiki, feruzi na yakuti za bei rahisi. Kila aliyeingia alipewa koleo dogo na chekeche, na kito atakachokipata ni chake. Watu wazima walichimba kuliko watoto.

"Huyu naye kazi yake kuwaharibia watu starehe zao," alinung'unika Shurooq kwa Kiswahili cha wazee wake wa Unguja, akidhani mtu yule hataelewa.

"Pole, dada," mtu akajibu kwa Kiswahili hichohicho. "Nilidhani umeshalimaliza."

Shurooq akainua uso. Alikuwa kijana mrefu, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi ikasimama, kofia ya nyuzi za kijani ameilaza kidogo upande wa kulia. Ndara zake za ngozi zilikuwa zimejaa mchanga. Nyuma yake, kuanzia mlangoni mpaka pale, mashimo yote yalikuwa yamefukiwa.

"We mfanyakazi wa hapa?"

"Hapana. Nimekuja na wenzangu wa kazini. Wao wako kwenye mishikaki."

"Sasa mashimo ya watu yanakuhusu nini?"

"Mtu anaweza kuanguka."

Shurooq akalitazama shimo lake. Halikufika hata kina cha kikombe. "Humu? Hata paka hatoanguka humu."

Kijana akacheka, na kicheko kile kikamfanya Shurooq asahau kukasirika.

"Na wewe ni wa wapi? Huongei kama watu wa Unguja."

"Ni wa Tunduru. Kusini kabisa, bara. Babu yangu alikuwa na duka huko, na mimi nimezaliwa huko. Nina miaka minne tu hapa."

"Wifi, muachie mbara wa watu," alidakia Khawla, mke wa kaka yake Shurooq, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akila mahindi ya kuchoma. "Anafukia vizuri. Nna bustani nyumbani, tumchukue."

Kijana aliitwa Aflah na kazi yake ilikuwa fundi wa simu. Wiki ya pili yake simu ya mezani ya Shurooq iliharibika, ofisini kwao Al Khuwair. Au Shurooq aliiharibu. Khawla mpaka leo anashikilia hivyo. Aflah alikuja na mkoba wake wa vyombo, akapiga goti chini ya meza, akatoka na waya mkononi.

"Umechomoka tu huu," alisema. "Ungeurudisha mwenyewe."

"Mie najuaje mambo ya waya?"

"Mtu anayejua kuchimba yakuti anashindwa na waya?"

Kuanzia hapo simu zikawa hazikatiki. Alimpigia asubuhi akiwa barabarani, na jioni akirudi.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula mkate."

"Mkate mtupu? Mwanamume mzima?"

"Sina wa kunipikia. Naishi na wanaume watatu na sufuria moja."

"Maskini weye. Basi sema 'nna njaa' kama watu wa kwetu, nikuletee biriani."

"Ninayo njaa."

"Ah, huyu hafundishiki."

Mapenzi yao yalikuwa ya namna hiyo, ya maneno mengi na macho machache. Walionana kwenye pwani ya Azaiba, Khawla akiwa hatua chache nyuma yao, amejitia kutazama bahari. Shurooq, ambaye maisha yake yote alikuwa amezungukwa na watu wanaojua kila kitu chake, alishangaa kumpata mtu anayemuuliza jambo kisha akanyamaza kumsikiliza.

Tabu ilikuwa posa.

Kwao Shurooq, posa huletwa na wanawake. Mama wa kijana huja na dada zake na mashangazi, wananukia udi, wanakaa, wanazungumza habari za watu wote mjini, na mwisho kabisa, kama jambo lililowapitia tu, wanaitaja haja iliyowaleta. Kijana mwenyewe haonekani. Mwanamume anayejiposea ni mwanamume asiye na watu, na asiye na watu haozwi.

"Nani atamletea?" aliuliza Bi Shariffa, mama yake Shurooq, kila jambo hili lilipoguswa. Alikuwa mwanamke mfupi, mzito, mwenye sauti iliyotosha nyumba nzima. Akiulizwa ana watoto wangapi alijibu wanne, ingawa mtaa mzima uliwajua watatu. Khawla humtania kwamba wa nne ni jokofu lake jipya. "Mama yake yu hai, kasema mwenyewe. Basi na aje. Mwaka mzima huu anakuja tu."

Shurooq alimuuliza Aflah mara moja, mara mbili, mara nyingi. Kila mara jibu lilikuwa lilelile.

"Mama atakuja. Nipe muda."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Hanitaki?"

"Hajakuona, atakukataaje? Nipe muda, Shurooq."

Muda ukawa mfupi. Mama yake Yaarub, binamu wa Shurooq, akaja na watu wake na udi wake, akakaa, akaitaja haja yake. Bi Shariffa aliahidi kutoa jibu siku ya Idd Kubwa. Yaarub hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomtisha Shurooq zaidi, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kumkataa isipokuwa ile moja isiyoletewa posa.

Sherehe za mwaka wa pili zilipofika, Shurooq alimwita Aflah kwenye uwanja uleule wa mchanga. Alivaa abaya mpya, mikono yake imetariziwa nyuzi za zambarau, na alikuwa amekata shauri. Alichimba, akachekecha, akachimba tena, Aflah akiwa amesimama nje ya ua kana kwamba mchanga ni moto. Mwisho jiwe likabaki kwenye chekeche, dogo kama punje ya mbaazi, buluu. Akalifuta kwa shela, akamwita. Aflah akaingia taratibu.

"Nipe mkono," alisema Shurooq. Akalitia jiwe kiganjani mwake. "Katengeneze pete uvae. Mama yako akija aione, ajue nilikuchagua."

Khawla aliacha kutafuna. Wanawake wawili waliokuwa wakichimba karibu wakageuka, maana haijapata kusikika msichana kumvisha mwanamume pete.

Aflah alilitazama jiwe. Uso ukampauka. Akachutama, akaliweka jiwe ndani ya shimo lililokuwa wazi, akalisukumia mchanga kwa mikono miwili, haraka, mpaka likapotea.

"Siwezi kulivaa hili," alisema.

"Umelifukia."

"Shurooq, nisikilize."

"Nimekupa kwa mkono wangu, mbele za watu, ukalifukia." Sauti yake haikupanda. "Ungesema huna haja na mie. Mwaka mzima ulikuwa na simu, ungesema tu."

Akatoka, Khawla akimkimbilia na viatu vyake mkononi.

Simu zikaanza kulia bila kupokewa. Shurooq alikuwa akiitazama simu ikitetemeka juu ya kitanda mpaka inanyamaza, kisha analia. Siku ya tatu Khawla akaja kukaa ubavuni pake.

"Mtu asiyekutaka hapigi simu namna hii, wifi."

"Anataka kuomba radhi ili alale vizuri."

"Basi apokelewe, alale. Na sisi tulale."

"Mwambie mama awape jibu watu wa Yaarub," alisema Shurooq, akageukia ukutani. "Awaambie ndiyo."

Siku mbili kabla ya Idd, baada ya alasiri, kengele ya mlango ikalia. Kaka yake Shurooq akafungua. Aflah alikuwa amesimama kizingitini peke yake, kanzu imekunjamana, hana halua, hana shangazi.

"Nimekuja kwa mama yenu," alisema. "Akinifukuza nitaondoka."

Bi Shariffa alimkaribisha sebuleni kwa sababu mgeni hafukuzwi, akamkaribisha kahawa kwa sababu hiyohiyo. Shurooq alijibanza nyuma ya mlango wa jikoni.

"Hivi kwenu bara," alianza Bi Shariffa, "mwanamume ndo huja mwenyewe?"

"Hapana, mama. Na kwetu huja wazee. Mimi sina jinsi." Aflah akakiweka kikombe chini. "Nilikuwa na kaka, Nasr. Mwaka tisini na tano vito vilipatikana kwetu, yakuti za buluu. Watu wakaja kutoka kila upande, na Nasr akaacha duka akaingia mashimoni. Ikanyesha mvua. Shimo likawaangukia, yeye na wenziwe. Lilikuwa refu sana. Hawakutolewa."

Jikoni, Shurooq aliuona tena mchanga wa bustanini, na kile kiatu kilichokuwa kikifukia shimo baada ya shimo. Mtu anaweza kuanguka. Naye alikuwa amemdhihaki, akataja paka.

"Mama yangu huenda pale kila Ijumaa," aliendelea Aflah. "Nimemtumia tiketi mara mbili, ameikataa. Anasema akiondoka, nani atakaa na Nasr. Simlaumu. Lakini hatakuja, mama. Nilikuwa nasema atakuja, na nilijua hatakuja."

"Kwa nini hukumwambia mtoto huyu?"

"Hapa nikitaja kwetu, naulizwa kama tuliishi na simba. Sikutaka kumwongezea na shimo."

Shurooq alisubiri ile sauti ya mama yake ya kutosha nyumba nzima, haikuja. Ilipokuja ilikuwa ndogo, kama ya mtu mwingine.

"Simu ya mama yako unayo?"

"Nina ya duka la jirani. Nikisema namtaka Bi Sayyida, huenda kumwita."

"Mpigie."

Aflah alipiga kwa simu ya mezani, akaifungulia spika, maana Bi Shariffa alikuwa na sikio moja zuri tu. Walisubiri. Jogoo aliwika huko Tunduru. Kisha pumzi ya mtu aliyetembea haraka, na sauti nyembamba ikasema, "Aflah, baba, kuna nini?"

"Assalaam aleikum, Bi Sayyida," alisema Bi Shariffa. "Mie mama yake Shurooq."

"Waleikum salaam, dada yangu. Kijana ameniambia habari za binti yako. Namtaka kwa moyo wangu wote. Lakini nisamehe, sitaweza kuja. Mwanangu yuko hapa."

"Najua. Na wangu yuko Unguja."

Kaka yake Shurooq akageuza kichwa. Khawla, aliyekuwa na birika mkononi, hakumimina.

"Wa kwanza huyo," alisema Bi Shariffa. "Alikuwa na miezi minane tu. Tulimzika Jumatatu, na kabla wiki haijesha mapinduzi yakatufika, tukakimbia na nguo tulizovaa. Watu wakaniambia, usimtaje, utawatia simanzi wenzake watakaozaliwa. Sikumtaja, wala sikurudi. Ningekuwa na moyo wako, Bi Sayyida, na mie ningebaki."

Upande wa pili mtu alikuwa analia kimyakimya. Shurooq aliteleza na mlango mpaka akakaa sakafuni. Wanne. Miaka yote ile mama yake alikuwa amehesabu sawasawa.

"Basi usitoke," alisema Bi Shariffa, na sauti yake ikaanza kurudi. "Mie nakuja. Haijapata kutokea mama wa msichana akaifata posa, na watu watasema sana. Waache waseme. Nikitoka kwako nitapita Unguja, nna mtu wa kumtazama. Na huyu kijana wako sijamkubali. Kwanza uniambie uso kwa uso ana tabia gani, maana hapa anajisifu mwenyewe."

Kicheko chenye machozi kikasikika kutoka Tunduru, kisha simu ikakatika, kama zinavyokatika simu za mbali.

Watu wa Yaarub walipewa jibu siku ya Idd, kwa heshima na sahani ya halua. Mama yake Yaarub hakuigusa.

Jioni ya mwisho ya sherehe, Shurooq na Aflah walirudi bustanini, Khawla akiwa nyuma yao na mahindi yake. Vibanda vilikuwa vinavunjwa. Ua wa uwanja wa mchanga ulikwisha kuondolewa, na mashimo ya watoto yalikuwa wazi kila mahali.

"Nilikucheka siku ile," alisema Shurooq.

"Hukujua."

"Ungeniambia ningejua. Usinifiche tena, Aflah. Likiwa shimo, niambie shimo."

"Naogopa safari hii ya mama yako," alisema Aflah. "Wakikutana wakalia tu? Mama asipopata nguvu ya kuzungumza posa?"

"Basi watalia. Mama yangu hajalia miaka arubaini."

Aflah alikuwa anayatazama yale mashimo, na Shurooq akauona mguu wake wa kulia ukitoka mbele, peke yake, kama kawaida yake.

"Ngoja," alimwambia.

Akainua upindo wa abaya yake mpya, akamtangulia mchangani, akalifukia la kwanza.