Kaske ya Mama wa Nyuma

Vital alikuwa mdogo wangu, tumbo moja, nami yaya wake, dada yake mkubwa. Siku aliyoleta nyumbani pikipiki ya umeme nilimcheka mpaka nikakaa chini. Haikutoa sauti hata kidogo. Nikamuuliza watu wa Bunia watajuaje kwamba motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anakuja. Akasema petroli imewashinda wenzake, yeye anachaji kwa sola na kulala. Nikafurahi naye, maana tangu tulipokimbia vita vya Djugu hatukuwa tumepata kitu cha kujivunia.

Kiangazi, barabara ya kwenda Komanda ni vumbi tupu. Lori likipita huoni hata mkono wako, kwa hiyo watu huvuka kwa masikio: wanasimama, wanasikiliza, kukiwa kimya wanavuka. Vital alilijua hilo vizuri. Alipaswa kwenda polepole na kupiga honi, lakini asubuhi ile alikuwa na haraka zake.

Alirudi saa nne.

"Yaya, nimegonga mama moja. Alikuwa na beseni ya samaki ya Tchomia. Alisikiliza, akavuka."

"Amekufa?"

"Hapana. Alinishika suruali. Alisema, baba, unibebe ku lopitali."

"Na weye?"

"Nilikimbia. Watu walikuwa wanakuja."

Sheria inataka dereva asimame amsaidie aliyegongwa. Naijua. Najua pia watu wenye hasira wanavyomfanyia motari. Nikamwambia anyamaze, na kiti kilichorukiwa na damu nikakiosha mwenyewe. Jioni tukasikia yule mama amefia palepale barabarani.

Juma lililofuata, mchana kweupe, polisi wa barabarani, roulage kama tunavyowaita, alimsimamisha Vital. Alikuwa peke yake kwenye pikipiki.

"Mama mwenye unabeba, kaske yake iko wapi?"

"Sibebe mutu, shefu."

Polisi alimwangalia kama anayeangalia mlevi, akamwandikia faini ya kubeba abiria asiye na kofia ngumu. Kesho yake polisi mwingine akauliza swali lilelile. Wateja nao wakamkimbia. Waliinua mkono kwa mbali, akikaribia wanaushusha: "Kumbe iko na mutu." Betri iliyokuwa ikimfikisha jioni ikaanza kuisha saa sita. Na kiti kikanuka samaki wa moshi, hata baada ya kusuguliwa mpaka kikachubuka.

Vital akakonda. Mwishowe akanunua kaske ya pili.

"Nitamupeleka, yaya," aliniambia kwa sauti ya chini. "Lopitali tu ndiyo anataka."

Aliiweka ile kaske kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa bado amesimama kando, hajapanda. Kiti kikabonyea.

Nilikiona. Nikamwacha aondoke.

Hakufika. Mahali palepale alipomgonga yule mama, ndani ya vumbi, lori lilimgonga na halikusimama. Alikaa hai karibu saa nzima. Motari waliopita ni wengi, na wote walikuwa wanamfahamu. Nilimuuliza Antoine, rafiki yake na motari mwenzake, kwa nini hawakumwokota. Alilia kabla ya kujibu.

"Tulimuona, Débora. Alikuwa anainua mukono. Lakini mama moja alikuwa anamubeba ku pikipiki. Tukasema anamupeleka ku lopitali."

Pikipiki ilikutwa mtaroni, imekatika vipande viwili. Kaske ya pili ilikuwa kando yake, kamba ya kidevu imefungwa. Niliiweka ndani ya sanduku kwa mkono wangu, tukamzika nayo.

Jana nilichoka na unafiki wangu. Nikaamua kwenda kuwaambia ndugu za yule mama ukweli wote. Nilisimama barabarani peke yangu, nikainua mkono. Motari akapunguza mwendo, akatazama nyuma ya bega langu, akatikisa kichwa.

"Pole, mama. Watu watatu siwezi kubeba. Roulage watanikamata."

Wa pili alisema hivyohivyo. Wa tatu hakusimama.

Nilirudi kwa miguu. Sikugeuka nyuma hata mara moja. Harufu ya samaki ilikuja nami mpaka mlangoni.

Kaske ilikuwa kizingitini. Ileile. Safari hii kamba ilikuwa imefunguliwa.