Barafu Nyuma ya Ukuta

“Sibebi!” Gatesi alisema na kuisukuma chupa ya chai kando. “Jana nilibeba, juzi nilibeba. Leo sibebi!”

“Ni barafu, siyo bangi!” dada yake Kankindi alifoka, kikohozi kikamkatiza. “Unataka nirudishwe getini? Anayerudishwa haitwi tena. Vibarua wamejaa pale, wanaomba mmoja wetu aanguke.”

“Na Nishimwe, mwenzako wa kiwandani, je? Naye alisema ni barafu tu, na sasa anaumwa.”

Kankindi alijifunga kitenge, akamtia mdogo wake chupa mkononi, akatoka. Mama yao alikwisha kwenda sokoni na hakujua lolote. Walinzi wa kiwanda walipekua mikoba ya wafanyakazi hata nje ya geti, lakini nani angemshuku mwanafunzi mwenye chupa ya chai?

Waliteremka kutoka mtaa wa Nengo kuelekea kiwandani. Kankindi alifanya kazi katika kiwanda cha kukausha na kufungasha sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Kirusi cha homa na kikohozi kilikuwa kimeingia kiwandani humo. Mjini Gisenyi hofu ilitanda. Sokoni watu walizipita sambaza wakiziba pua, kana kwamba samaki ndio wanaokohoa. Ndiyo maana kila mfanyakazi alipimwa joto kwenye paji la uso kabla ya kuingia, na mwenye homa alirudishwa.

Nyuma ya ukuta wa kiwanda, nje ya geti, wanawake kadhaa walikuwa wanasubiri. Mukagasana, aliyekulia Kongo, alinyoosha mkono.

“Mutoto, leta ile kitu. Donc basi, haraka, tuko nachelewa.”

Alitoa bonge la barafu chupani, akalifunga kwenye kitambaa na kulibana kwenye paji la uso. Kisha akampa mwenzake. Huyo alikohoa juu ya kitambaa, akajipoza, akakipitisha kwa mwingine.

“Nishimwe hajambo?” Kankindi aliuliza.

“Iko hospitali,” Mukagasana alijibu polepole. “Wamemuwekea oksijeni. Iko nashindwa hata kusema jina yake.”

Gatesi alidhani sasa watakitupa kile kitambaa. Badala yake mkono mmoja ulinyooshwa kukipokea. Ulikuwa mkono wa dada yake.

Wanawake wawili walitangulia, wakapimwa, wakaingia. Gatesi alimfuata Kankindi hadi getini. Nesi Mbabazi alielekeza kipimajoto kwenye paji la Kankindi. Taa ya kijani ikawaka.

“Salama. Pita.”

Kankindi alipiga hatua, akayumba, akashika nguzo. Ndani, katikati ya ngurumo za mashine, mtu alikohoa, na mwingine akamjibu kwa kikohozi chake. Akilini Gatesi alimwona dada yake amelala kama Nishimwe, bomba puani, hawezi kutaja hata jina lake.

“Nesi!” alipiga kelele. “Mpime kwapani!”

“Gatesi, nyamaza!”

“Amejipoza kwa barafu! Mpime kwapani!”

Nesi alimgusa Kankindi shingoni, akaondoa mkono upesi. Alitoa kipimajoto kingine, akakiweka kwapani, akasubiri. Mukagasana alianza kurudi kinyumenyume.

“Na wewe, mama, usiondoke,” nesi alisema bila kugeuka. Alisoma kipimo. “Karibu nyuzi arobaini.”

“Umeniuza,” Kankindi alimnong'oneza mdogo wake, machozi yakimlengalenga.

“Hajakuuza, dada. Amekuwahi kabla hujazidiwa.” Nesi alimgeukia Gatesi. “Lakini ungesema siku ya kwanza, mwanangu. Barafu haitibu homa, inaificha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kirusi hiki hakiishii kwa mmoja. Kinatoka kwenye kitambaa, kinaingia chumba cha kufungashia, jioni kinafika nyumbani kwa watoto. Kumtunzia mgonjwa siri kama hii si kumpenda.”

Meneja Bahizi alitoka ofisini mbio. “Kuna nini hapa? Lori la Goma linasubiri mzigo!”

“Lisubiri,” nesi alisema. “Wote walio ndani wapimwe upya, kwapani. Wenye homa wakatibiwe, na nafasi zao zibaki.”

“Nifunge kiwanda kwa ajili ya kikohozi?”

“Nishimwe alianza na kikohozi. Ukiwafukuza hawa, kesho wengine watabuni ujanja mpya, na hutajua mgonjwa ni nani mpaka azikwe.”

Bahizi alilitazama lori. Alimtazama Kankindi, aliyekuwa bado ameikumbatia nguzo.

“Nafasi zao zibaki,” alisema hatimaye. “Hakuna atakayefutwa kazi.”

Akatembea mwenyewe hadi kwenye swichi kubwa, akaishusha. Mashine zikazimika. Kankindi alijifuta macho, akasimama mlangoni, na kwa sauti iliyokwaruza akaanza kuwaita kwa majina wenzake waliopoza nyuso zao pamoja naye. Wa kwanza alijitokeza ameinamisha kichwa, akiinua mkono ili apimwe kwapani.