Aliyeitika Nje

Fundi aliinamia tundu la juu ya boila, akaita kama alivyofundishwa kufanya kabla ya kufunga: "Masizi." Jibu likatoka nyuma yake.

"Nipo nje, shemeji. Funga."

Hakugeuka. Alijiuliza tu mbona hakusikia mtu akishuka ngazi.

Boila ile ya hospitali, iliyotoa mvuke wa dobi na wa kuulia vijidudu kwenye vyombo vya upasuaji, ilikuwa ya mabomba ya moto: pipa kubwa la chuma lililolazwa, ndani yake mabomba sitini na manne. Moto hutoka tanurini ukapita ndani ya mabomba hadi kwenye dohani. Maji huyazunguka kwa nje, yakachemka. Juu ya mabomba huachwa nafasi ya mvuke, na moto ukizimwa, mtu mwembamba huweza kulala humo kifudifudi akakwangua ukoko wa chokaa. Mwembamba huyo alikuwa Masizi, kaka wa mke wa fundi.

Fundi alikaza bolti ya mwisho ya kifuniko, akashuka, akashika gurudumu la valvu ya kujazia maji kwenye pipa.

"Leo umewahi kuchoka," alimtania. "Siku zote nakutoa humo kwa kukuahidi chai."

"Fungulia maji."

Hapo ndipo alipomtazama. Masizi alisimama karibu na mlango wa tanuri, mikono ikining'inia. Ovaroli yake ilikuwa safi. Mtu aliyekwangua chokaa tangu asubuhi hutoka mweupe kama aliyetumbukia kwenye unga. Huyu hakuwa na hata chembe kwenye kucha. Na alinuka nywele zilizoungua, ilhali tanuri lilikuwa na siku tatu bila moto.

Chuma kikagongwa kutoka ndani.

"Shemeji, mbona umefunga?" Sauti ilikuja nzito, ya mbali. "Nilisinzia kidogo tu. Utani gani huu?"

"Usimsikilize," alisema wa nje, polepole. "Hilo ni jini. Boila ikilala hupata mwenyeji. Fungulia maji, litanyamaza."

Fundi alibaki amesimama, kiganja juu ya gurudumu, akisikia kucha zikikwaruza chuma, akisikia pumzi fupi za mtu anayeanza kuishiwa hewa, huku mbele yake uso ule ule aliokula nao mezani miaka tisa ukimtazama bila kupepesa, na akajua kwamba akikosea hapa atarudi nyumbani kumweleza mkewe jinsi alivyomzamisha kaka yake kwa mkono wake mwenyewe.

Aliziangalia tena zile kucha. Akaliachia gurudumu, akapanda ngazi na spana.

Kifuniko kilipofunguka, mkono mweupe wa chokaa ulimshika. Ulikuwa baridi. Alipokwisha kumvuta Masizi akatazama chini, hapakuwa na mtu.

"Ulikuwa unaongea na nani?" Masizi alinong'ona.

Fundi alipiga simu nyumbani, apate tu kusikia sauti ya mkewe.

"Mbona mmemwacha kaka aondoke peke yake na hali ile?" mke aliuliza. "Ameingia sasa hivi, hata salamu hakutoa. Nimemgusa paji la uso, vidole vimenibabuka. Amempakata mtoto, na mtoto halii."